Anayependa Maikrofoni

Menomonie, Wisconsin
Jumapili, Juni 23

Mdogo wangu Dwight,

Kwa niaba ya ukoo wote wa Tesmer, na kwa uzito unaostahili, ninakutangazia kwamba mlango wa friji ya Baba haufungi tena. Haujaharibika, umezidiwa. Ndani mna mabakuli manne ya viazi vilivyookwa kwa jibini, mawili ya tambi na samaki wa kopo, paja zima la nguruwe, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo mimi na wewe tuliapa kwamba tukishakuwa watu wazima hakuna atakayetulazimisha kuila. Nimeuegemeza mlango kwa kiti. Kila nikitaka maziwa nahamisha kiti.

Kabla sijaeleza, nikusalimu kama inavyopasa. Habari za huko Tucson, na joto linawatendeaje? Marisol hajambo? Na goti lako je, limekubali ngazi au bado linakubishia? Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba tunapumua na tunalalamika. Mbu wamefika mapema. Baba hajambo. Neno hilo, Baba hajambo, naomba ulipokee kwa mikono miwili, maana wiki hii nimelisema mbele ya watu wazima wenye akili zao timamu na hakuna aliyenisadiki.

Unakumbuka tulivyomzika Mama mwezi wa Februari, tukiwa watu watano tu kwenye theluji, na mchungaji akiharakisha sala kwa sababu ya pua yake. Baba alikataza ibada, akakataza tangazo gazetini, akakataza hata simu. Alisema watu wa Safu wataambiwa wakati ukifika. Wewe ukapanda ndege ukarudi kwenye jua lako, nami nikabaki kungoja huo wakati. Nilidhani ni wiki mbili. Ikaja Machi, ikaja Aprili, ikaja Mei, na kila nikimgusia ananijibu kwamba msimu wa vikosi haujaanza, kana kwamba kifo nacho kina ratiba ya maonyesho.

Wewe watu wa Safu uliwakimbia siku ile ile uliyopata leseni ya gari, kwa hiyo nikukumbushe. Ni wale wale wanaonunua viti vyao pamoja, juu kabisa ya jukwaa, usawa wa mstari wa hamsini ulio katikati ya uwanja, kila penye onyesho la vikosi vya ngoma na tarumbeta kuanzia hapa mpaka Indianapolis. Wanajua kikosi gani kilipata alama ngapi mwaka 1974, pamoja na nukta zake, na hawajui siku za kuzaliwa za wake zao. Lakini jambo moja wanalijua kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia, nalo ni kufiwa na mzazi. Karibu wote walitiwa kwenye mambo haya na wazazi wao. Baba ndiye aliyepuliza tarumbeta, mama ndiye aliyeshona sare, na mtoto akalala kwenye kiti cha nyuma cha gari kutoka mji hadi mji. Kwa hiyo mzazi akifa, kwao amekufa yule aliyewapeleka kwenye onyesho la kwanza. Basi wao huja. Hawaitwi, hawapigi simu, wanakuja na mabakuli yao na yale majaketi yao ya kung'aa yenye beji mpaka kwapani. Na kwenye onyesho la kwanza baada ya msiba, mto wa kukalia wa marehemu huwekwa kwenye benchi, watoto wake wanakaa huku na huku, na hakuna anayewasemesha mpaka kikosi cha mwisho kimalize kupiga. Hapo ndipo Safu nzima inapita kuwashika mikono, mmoja mmoja.

Na aliyewafundisha hayo yote ni Mama. Mama mwenyewe. Mzee Rollie Kopecky alipofiwa na mama yake, Mama aliendesha gari mpaka Iowa kwenye barafu, bakuli likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele na Baba amekaa nyuma. Watu hao ndio Baba aliowaficha. Sielewi, Dwight. Ni kama mtu nyumba yake inaungua na kaka yake ni mkuu wa zimamoto, naye anamwambia mambo shwari.

Jumanne nilitoka kazini (bado napokea simu za barabara za wilaya, kiangazi watu wanatukana mashimo badala ya theluji) nikapita kwa Baba kumlazimisha ale. Alikuwa chini, kwenye chumba cha chini, amevaa visikilizio vikubwa kama vya rubani, anasikiliza kanda za zamani. Tangu Februari ndiyo kazi yake. Anakula mkate wa kuchoma tu. Hanijibu ila kwa ndiyo na siyo. Nilimletea mchungaji, akamwonyesha mchungaji mahali pa kuegesha gari vizuri zaidi. Nilimletea daktari, wakazungumza kuhusu bata. Nilikuwa nimesimama jikoni nakaanga yai ambalo nilijua nitalila mimi, kengele ikalia.

Mlangoni walikuwa watatu: Mzee Rollie, Bi Delphine Olstad ambaye ndiye anayewanunulia Safu nzima tiketi, na Vaughn, yule bwana mrefu aliyefiwa na baba yake mwaka jana. Majaketi yanang'aa. Mabakuli yanafuka moshi. Nikafurahi, nikadhani hatimaye mtu amewaambia. Mzee Rollie akanikumbatia, akaanza kulia kwenye bega langu, akasema, pole mwanangu, pole sana, Orville alikuwa mtu na nusu.

Nikamwambia kwa upole kwamba Baba hajafa.

Akanipapasa mgongoni. Akasema ndivyo ilivyo, mwanangu, na yeye alipofiwa na mama yake aliendelea kumwekea sahani wiki nzima. Nikarudia kwamba Baba yuko hai, yuko chini ya sakafu hii hii tuliyosimama. Vaughn akatoa mfukoni kijikaratasi cha nyumba ya mazishi kinachoeleza hatua za huzuni, akanionyesha kwa kidole hatua ya kwanza, kukataa. Akasema yeye alikaa hapo muda mrefu, nisijionee haya. Kila nilivyozidi kusema Baba yu hai ndivyo walivyozidi kunihurumia, mpaka nikaanza kushuku mwenyewe.

Kisha Bi Delphine akashusha sauti akauliza kama Lois, yaani Mama, amepumzika chumbani. Akasema wasimwamshe mjane, wataweka vyakula polepole. Basi nikuchoree picha hiyo uione: watu watatu wananyata kwa vidole jikoni kwa Mama, wananong'ona, wanafungua makabati bila kutoa sauti, wasimwamshe marehemu, kwa ajili ya kumwomboleza mtu anayesikiliza tarumbeta kwenye chumba cha chini. Na mimi nimeshika mwiko. Nilitaka kusema. Neno lenyewe ni moja tu, amefariki. Miezi minne nilikuwa nimekatazwa kulisema, na sasa niliporuhusiwa na hali yenyewe nikaona silijui linavyotamkwa.

Hapo Baba akapanda kutafuta haradali.

Alitokea mlangoni na visikilizio shingoni, akawatazama, akauliza kama zile ni tambi na samaki. Mzee Rollie alikuwa ameshika bakuli la jeli. Halikuanguka, nasikitika kukujulisha. Lakini yeye mwenyewe alikaa chini ghafla kwenye kiti ambacho kwa bahati kilikuwepo. Vaughn alikitazama kijikaratasi chake kana kwamba kuna hatua aliyoiruka.

Halafu kikawa kicheko. Mzee Rollie akampiga Baba begani akamwita mzimu mkubwa asiye na adabu, akamwambia wamemlilia njia nzima toka Eau Claire, ayarudishe machozi yao. Baba akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Bi Delphine akajifuta macho akasema, haya, mwiteni Lois basi, naye aje acheke, atatusimanga mwaka mzima.

Baba akachukua haradali kwenye friji, friji bado ilikuwa inafungika wakati huo, akasema Lois amelala.

Dwight, nilikuwa tayari kumvumilia mengi yule mzee, lakini si hilo, mbele ya watu hao. Nikasema Mama alifariki Februari. Nililisema kwa sauti ya kazini, ile ninayowaambia watu kwamba daraja limefungwa. Baba akaiweka haradali mezani taratibu kama kitu kinachovunjika.

Mtu angetegemea walie. Bi Delphine hakulia. Alisimama akimtazama Baba, akamwuliza: kama Lois alifariki Februari, nani amekuwa akiandika?

Hapa lazima nikurudishe nyuma, kwa sababu wewe huusomi ukurasa wa mashabiki mtandaoni, na Mungu akuzidishie hekima hiyo. Mama alikuwa akiandika pale kila baada ya onyesho. Sentensi nne, tano, na wakuu wa vikosi walikuwa wakizisoma kama mtu anayesoma majibu ya damu yake. Jambo lililomkera kuliko yote ni maikrofoni uwanjani, na vile vinanda vya umeme. Yeye alibeba bendera kwenye kikosi cha parokia ya Mtakatifu Walburga, Baba akipuliza tarumbeta ile nene nyuma yake, na sauti yao ilifika mpaka safu ya juu ya jukwaa bila waya. Alikuwa akisema kama pumzi yako haifiki jukwaani, nenda kalale. Alilisema hilo miaka yote, Baba kando yake akitikisa kichwa kwa kukubali.

Sasa Bi Delphine akaeleza. Machi, Lois aliandika kwamba ana mafua. Sawa. Aprili, mtu aliweka video ya mazoezi ya kikosi fulani, kijana mmoja anapuliza peke yake mbele ya maikrofoni, na Lois akaandika: "Maikrofoni si mbaya. Sauti imefika laini. Nimependa." Safu nzima iliingiwa na baridi. Mei, Lois huyo huyo akaandika kwamba mwaka huu wasiwanunulie viti, wawape wengine. Wiki mbili wakapigiana simu. Wakafikia uamuzi kwamba mwanamke kama Lois Tesmer hawezi kuachia viti vya mstari wa hamsini na kusifu maikrofoni katika msimu mmoja ila awe amefiwa na mume na akili imelegea. Wakaoka viazi.

Nimelifikiria sana jambo hilo, Dwight, na kwa hesabu zao hawakukosea. Walikosea tu mtu.

Baba alikuwa anatazama meza. Akasema ni yeye aliyekuwa akiandika. Akasema watu walikuwa wakimsalimia Lois pale kila asubuhi, wanamuuliza hali, na haikuwa adabu kutojibu.

Mzee Rollie akamsogelea. Nilidhani atamkumbatia. Akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye unayependa maikrofoni?"

Baba akasema ndiyo.

"Tangu lini?"

Baba akasema tangu zilipokuja.

Basi, mdogo wangu, ikawa vita. Mzee Rollie akasimama akasema miaka yote hiyo amekaa kiti kimoja na msaliti, amekula sandwichi za msaliti. Baba akamwambia akae chini, masikio yake yalikufa kabla hizo maikrofoni hazijavumbuliwa, hata akipigiwa tarumbeta ndani ya kofia hasikii. Mzee Rollie akamwita kibaraka wa umeme. Baba akasema kijana anayepuliza taratibu ana haki ya kusikika kama anayepiga kelele, na kwamba amekuwa akitaka kulisema hilo muda mrefu ila ndani ya nyumba hii lisingesemeka. Vaughn akajaribu kuwapatanisha, wote wawili wakamwambia yeye ni mtoto, ana miaka arobaini na tatu tu. Baba alipiga meza. Baba yetu alipiga meza, akala sahani mbili za tambi katikati ya kupiga meza, akaomba na viazi.

Nikakasirika kiasi kwamba ilinibidi nitoke nje nikayatazame maua. Miezi minne, Dwight. Supu nilipika. Mchungaji nilileta. Niliketi naye nikamshika mkono kama wanavyoshauri. Kumbe dawa yake ni mzee mwenzake wa kumwita kibaraka.

Bi Delphine akanifuata na kitambaa cha vyombo begani. Hakuniuliza Baba anaendeleaje, swali ambalo dunia nzima inaniuliza. Aliniuliza mimi nimemwambia nani. Nikasema hakuna, Baba alikataza. Akasema basi kaa hapa kwenye ngazi, unieleze tangu mwanzo, na usiruke. Akanikumbusha mwaka ule wazazi wake wote wawili walipofariki katika mwezi mmoja, Mama alikuja kwake, hakusema neno lolote la faraja, akashusha mapazia yote ya nyumba akayafua akayapiga pasi, na siku ya tatu ndipo akamwambia, haya, sema. Akasema hana nguvu za mapazia siku hizi, ila kusikiliza anaweza. Nikamweleza. Hospitali, ile mashine ambayo Mama alilalamika kwamba inalia nje ya noti, pete iliyokataa kutoka kidoleni, simu niliyokupigia. Sikuruka. Ndani tulikuwa tunasikia Mzee Rollie akitaja mwaka 1974.

Tuliporudi, Bi Delphine alimwekea Baba kompyuta mezani akamwambia aandike sasa, kwa jina lake. Aliandika kwa kidole kimoja, sote tukisubiri. Nakunakilia kama ilivyo: "Lois alifariki Februari. Mimi ni Orville. Maikrofoni ni mimi." Mpaka asubuhi kulikuwa na rambirambi zisizohesabika, na kama nusu yake zina ugomvi ndani. Tangu hapo mabakuli hayajakoma. Wengine wameyaacha kwenye baraza bila kugonga, na mmoja amebandika karatasi kwenye mfuniko: "Pole sana. Bado umekosea." Baba anawajibu wote. Ananywea chai pale pale.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia Bi Delphine, na Baba ndiye mtu pekee anayelijua, naye hajalitaja. Nimekaa nikimlaani kwa huo uongo wa kuandika kwa jina la Mama, na wewe umesoma nilivyomlaani. Nilikuwa najua. Niliona tangu Machi. Niliona jina la Mama na ile nukta ya kijani kando yake ya kuonyesha yupo, na nikajua ni nani aliyekaa hapo na kidole chake kimoja. Sikumkanya. Siku moja mwezi wa Mei, saa ya chakula, pale ofisini, simu zimenyamaza, nikamwandikia. Nikaandika, "Mama, hujambo?" Nukta ilikaa pale kwa muda. Kisha likaja jibu: "Sijambo. Umekula?" Nikaandika nimekula. Nilikuwa sijala. Jioni ile nikaenda kwake, akanifungulia mlango, tukazungumza kuhusu mfereji wa paa. Ndiyo hivyo, Dwight. Ukitaka kutukasirikia, tukasirikie wawili.

Jana ilikuwa onyesho la kwanza la msimu, hapa hapa mjini. Tulikwenda wote. Viti vyetu Bi Delphine hakuwa ameviuza. Alisema alingoja mtu aliye hai amthibitishie. Baba alipanda ngazi mpaka juu akipumzika kila hatua chache, na kila alipopumzika Mzee Rollie alipumzika naye ili waendelee kubishana. Mto wa Mama uliwekwa kwenye benchi. Mimi nikakaa upande wa kushoto. Upande wa kulia Bi Delphine hakumruhusu mtu, hata Baba alipotaka kukaa alimwambia asogee nyuma, hapo ni pa Dwight. Hakuna aliyenisemesha. Sikuwahi kujua kutosemeshwa kunaweza kuwa kitu kizuri namna ile. Julai wanakwenda La Crosse. Sikulazimishi. Nakuambia tu kwamba mahali pako pamewekewa koti na mwanamke ambaye mimi siwezi kubishana naye.

Nisalimie sana Marisol, mwambie jeli nitamhifadhia. Wasalimie na majirani zako wale wenye mbwa. Baba anakusalimu, na ananiagiza nikuulize, wewe binafsi, una maoni gani kuhusu maikrofoni. Fikiri kabla ya kujibu. Kaa salama, na lile goti ulifunge kitambaa usiku.

Ni mimi dada yako,
Corinne

N.B. Onyesho lenyewe halikupigwa. Kulikuwa na radi, likafutwa.